Skåne ya ngano, Scania ya mahindi

Novemba 2024 serikali ya Sweden ilianza kutuma kijitabu kwenye kila nyumba, nakala zaidi ya milioni 5, kinachoeleza la kufanya vita vikizuka. Mimi naishi Malmö. Nilikisoma nimesimama jikoni, na kilichonishtua si ving'ora wala mahandaki, ni pale waliposema mtu awe na chakula cha wiki nzima ndani. Nikafungua kabati: nusu pakiti ya tambi, chupa ya pilipili, na unga wa sembe ninaoutunza kama dhahabu.

Nikampigia mama, Songea, Tanzania. Alicheka kweli. "Kwa hiyo hao wenzetu hawana hata kihenge?"

Walikuwa nacho, mama. Enzi za vita baridi Sweden haikuwa upande wowote, ikajua njia za bahari zikifungwa itabaki peke yake, basi ikajaza maghala ya nafaka, mbolea na mafuta. Vita baridi vikaisha, mwaka 1995 wakaingia Umoja wa Ulaya, na wakubwa wakaona maghala ni kutupa pesa: chakula kitanunuliwa tu, soko lipo. Maghala yakafungwa. Leo karibu nusu ya chakula kinacholiwa hapa kinatoka nje, na rafu za supamaketi zinangoja lori la kesho.

Kiangazi cha 2018 mvua iligoma. Mavuno ya nafaka yakawa mabaya kuliko miaka zaidi ya hamsini iliyotangulia, wafugaji wakachinja ng'ombe kwa kukosa malisho. Hata hapo watu hawakushtuka sana. Kilichowashtua ni Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022. Bei ya gesi ilipaa, mbolea ya chumvichumvi ikapaa nayo kwa kuwa urea na wenzake hutengenezwa kwa gesi, na Sweden karibu yote huiagiza. (Nyumbani Tanzania nako mfuko wa mbolea ulipita shilingi laki moja mwaka huohuo, mpaka serikali ikarudisha ruzuku. Vita ni vya kwao, shamba ni letu.) Sasa kwenye mipango ya ulinzi mkulima anatajwa pamoja na askari, na wanarudi kujaza maghala, wakianzia kaskazini ambako nafaka hailimwi kwa wingi na ngano husafiri umbali mrefu kuwafikia watu.

Ngano yenyewe inatoka huku kwetu kusini, mkoa wa Skåne. Kwa Kilatini mkoa huu huitwa Scania, na lile lori limepata jina hapa. Mkulima yeyote wa Ruvuma, mkoa wa mama, ukimtajia Scania atafikiria dumuzi, yule mdudu anayegeuza gunia la mahindi kuwa vumbi, tuliyembatiza jina la lori. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika aliingia ndani ya mahindi ya kutoka nje. Nikipita kwenye mashamba haya, ngano imesimama sawasawa kama gwaride, huwa nawaza hilo: tulileta chakula cha kutuokoa, kikaja na wa kukila chakula chetu.

Ndiyo maana sicheki sana na mama. Kihenge chake ni kinga ambayo wenzetu wanaitafuta kwa mabilioni, lakini sisi tunakiona kama alama ya umaskini. Nchi ina Wakala wa Hifadhi ya Chakula, na maghala yake Songea nayafahamu tangu utoto, foleni za malori na vumbi lake. Ila mahindi mengi ya Tanzania hayalali huko, yanalala nyumbani kwa mkulima. Jirani yetu huuza Julai kwa bei ya kutupa, kwa sababu ya ada na kwa kumwogopa dumuzi, halafu Februari anayanunua tena kwa bei ya juu. Mimi ningeiweka vita ya dumuzi kwenye bajeti ya ulinzi, kando ya vifaru.

Juzi mama kanipigia. Anataka hela ya mifuko ile isiyopitisha hewa, ishirini, kabla mahindi hayajapukuchuliwa. Nimetuma. Akauliza yangu nimeweka wapi. Kilo kumi za mchele, nikamwambia, chini ya kitanda, karibu na viatu vya theluji.

"Kilo kumi," akasema. "Na wageni wakija?"