Makala ya laki moja kuhusu bibi wa Kilolo

Chukua mfano wa mtafiti anayepanda Kilolo, wilaya ya mkoa wa Iringa, kuwahoji mabibi wanaolea wajukuu yatima. Anakaa nao jikoni wiki tatu, anaandika, anarudi chuoni na kuchapisha katika jarida la nje. Mwaka unaofuata afisa ustawi wa jamii wa wilaya hiyohiyo, mwenye majalada ya mabibi walewale mezani, anaikuta makala hiyo mtandaoni. Anasoma muhtasari, anabofya, anadaiwa dola 40. Ni kama shilingi laki moja. Anazima simu, anarudi kwenye majalada yake.

Mfano ni wangu wa kutunga, ila bei si ya kutunga. Makala moja katika majarida makubwa ya ustawi wa jamii mara nyingi huuzwa kati ya dola 30 na 50, na aliyehojiwa hapati hata senti.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini lina uzito kwetu jambo hili, maana tunatafitiwa mno. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa 2016-17 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima wa Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Ule wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ukaikuta Iringa, mkoa wa mahindi, maharage na viazi, na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ripoti zote mbili unazipakua bure. Kinachofungiwa mara nyingi ni maelezo: kwa nini mtoto adumae kwenye nyumba yenye gunia, na nani hubaki naye mama anaposhinda shambani. Afisa ustawi hahitaji asilimia kama anavyohitaji hayo.

Wanaotaka utafiti uwe huria wana tamko lao la Budapest la 2002, lililotaka makala za kitaaluma zisomwe bure mtandaoni. Hoja yao: kazi iliyofanywa kwa fedha za umma na muda wa watu isomwe na umma. Nawaunga mkono. Kuna hata mlango uliokwisha kufunguliwa nusu. Mpango wa Research4Life, ulioanza na majarida ya afya mwaka 2002, unazipa taasisi za nchi kama Tanzania maelfu ya majarida bila malipo. Lakini inayosajiliwa ni taasisi, si mtu. Ofisi isiyojisajili, afisa wake yuko nje kama mwingine yeyote.

Wapinzani nao si watu wa kupuuzwa. Kuhariri kunagharimu. Msomaji asipolipa, analipa mwandishi, na ada hiyo katika majarida mengi ya kimataifa hufika maelfu ya dola. Wachapishaji wengi huwasamehe waandishi wa nchi maskini, ila msamaha huo mara nyingi haugusi majarida mseto, yale yenye makala za kulipia na za bure humo humo. Hapo mhadhiri anayesubiri kupandishwa cheo anaangukia kwa matapeli wanaochapisha chochote ndani ya siku kumi kwa dola mia moja. Na cha bure kina mfadhili wake: Februari 2025 Marekani ilipokata fedha, mpango uliosaidia kuendesha tafiti za kaya kama ule wa 2022 ulisimama katika nchi nyingi kwa mkupuo.

Ila pingamizi linaloninyima usingizi halihusu fedha. Linahusu siri. Andika hivi: “bibi wa miaka 71, msukaji wa vikapu vya milulu, aliyefiwa na watoto watatu, analea mjukuu anayetumia dawa za VVU.” Jina hukuweka. Lakini kwenye kata yenye zahanati moja, nani asiyemjua? Makala ikiwa ya laki moja, kata haiisomi. Ikiwa bure, inaweza kusomwa na kijana wa kidato cha pili mwenye bando la mia tano, kisha ikasambaa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kabla ya jioni. Bei ilikuwa pazia, bila mtu kukusudia.

Hoja hii nimeigeuza sana na bado hainishawishi tufunge. Pazia lile lilimficha bibi kwa jirani tu. Uingereza na Marekani walimsoma bila shida, na yeye mwenyewe hakuwahi kusikia wameandika nini juu yake. Kosa lilifanyika kalamuni. Hapakuwa na haja ya umri kamili, wala vikapu. Mwandishi anayejua kwamba kijiji kitasoma ataandika kwa uangalifu zaidi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamkumbusha hivyo hivyo. Mahojiano mabichi ni suala lingine. Hayo yabaki kabatini, na nisingekubali mfadhili yeyote alazimishe yawekwe wazi kwa jina la uwazi.

Halafu lugha. Makala iliyo huria kwa Kiingereza imemfungukia afisa mwenye shahada. Mwenyekiti wa kitongoji bado yuko nje. Kurasa mbili za Kiswahili zingetosha, na hazina ada.

Wala hatuhitaji kusubiri wachapishaji wabadilike. Wengi wao humruhusu mwandishi kuweka nakala yake iliyokubaliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, wakati mwingine baada ya mwaka mmoja au miwili. Mtafiti huyu alipita ofisi ya mkoa na ya wilaya akiwa na barua ya kibali kabla ya kufika jikoni kwa bibi. Ofisi hizo zina jina lake na namba yake ya simu. Zimpigie.