Dakika 45 na Umeme wa Uyole

Miezi minne nimejiandaa kwa usaili wa mafunzo kwa vitendo ya uhandisi wa programu, kampuni kubwa ya Marekani. Wakanipangia dakika 45, saa 5 usiku, maana Julai California iko nyuma yetu saa 10. Sawa, hilo sina neno. Nikakaa chumbani Uyole, Mbeya, baridi inang'ata, bando la kutosha.

Swali: kwenye orodha ya namba, tafuta mbili zinazojumlishwa kupata 9. Nikaeleza kwamba kulinganisha kila namba na nyingine zote ni mzigo. Orodha ikirefuka mara 10, kazi inakua mara 100. Bora uhifadhi kwenye jedwali kila namba uliyoipita, na kwa kila mpya uangalie kama ya kufikisha 9 imo tayari; unapita mara moja tu. Msaili akaitikia kwa kichwa. Nimeandika mistari mitatu, umeme huo ukakatika! Kompyuta ina betri, ila mtandao nao ukaondoka. Narudi baada ya dakika 11, msaili keshatoka.

Jamani, inauma. Nimeomba siku nyingine, nikajibiwa na mashine: asante, tumeendelea na wengine. Swali nililijua! Na nyie wa umeme, mkitaka kukata, semeni mapema basi, hata kwa meseji.