Tuta au basi? Barua ya wazazi na mipaka ya halmashauri

Pembezoni mwa Dar es Salaam, karibu kila mtaa wenye shule kando ya lami unaijua barua hii. Huandikwa mwanafunzi akishagongwa, au wazazi wakishachoka kusikia kwamba watoto wamefika shuleni saa tatu kwa sababu makonda waliwakataa kituoni. Barua inapita kwa mwenyekiti wa mtaa, inagongwa muhuri kwa mtendaji, inajadiliwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha diwani anaibeba hadi kwenye baraza ikiwa na kurasa kadhaa za majina na sahihi. Madai yake huwa mawili: matuta na zebra mbele ya shule, na basi la wanafunzi.

Kwa maoni yangu madai haya hayana uzito sawa. Yakifungwa pamoja, halmashauri inapata sababu ya kuyakataa yote mawili kwa jibu linalohusu moja tu: hatuna fedha za kununua basi.

Tuanze na utetezi wa halmashauri, maana mara nyingi inalaumiwa kwa kisichokuwa mikononi mwake. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa na vijiji zimekuwa chini ya TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, wakala mwingine wa serikali. Nauli na leseni za daladala ni za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kumkamata dereva anayekimbiza gari mbele ya shule ni kazi ya trafiki. Hata ile shilingi 100 iliyoongezwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli katika bajeti ya 2021/22 kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini haiingii kwenye akaunti ya halmashauri. Kwa hiyo mkurugenzi anaposema "hiyo si barabara yangu", hadanganyi. Madiwani wenyewe wamelalamika mara nyingi kwamba wananchi wanawadai wao barabara, ilhali meneja wa TARURA hawajibiki kwao.

Lakini jibu hilo linaishia kwenye geti la shule. Shule za msingi na sekondari za serikali ziko chini ya halmashauri hiyohiyo. Ndiyo inayoshughulika na viwanja, na ndiyo inayokubali shule ya watoto zaidi ya elfu moja ifungue geti moja tu, tena linalotazama lami. Saa saba na nusu mchana geti linafunguliwa, darasa la kwanza wanatoka mbio, na hatua chache mbele yao bodaboda wamepanga foleni wakisubiri abiria. Kuhamishia geti kwenye uchochoro wa pembeni hakuhitaji kibali cha TANROADS. Kunahitaji fundi, saruji na mkuu wa shule aliyepewa ruhusa.

Na ushahidi kwamba mambo madogo ya aina hii yanafanya kazi umepatikana hapahapa Dar es Salaam. Shirika la Amend liliendesha mradi wa SARSAI wa kukagua na kurekebisha mazingira ya barabara kwenye shule zilizokuwa na ajali nyingi: matuta, zebra, njia za waenda kwa miguu, vizuizi vya kutenganisha watoto na magari. Utafiti ulionyesha kwamba majeruhi miongoni mwa wanafunzi walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI, taasisi ya utafiti ya kimataifa. Hakuna aliyenunua basi.

Wanaopinga matuta nao wasikilizwe. Dereva wa gari la wagonjwa ana haki ya kulalamika akikuta matuta matano ndani ya kilomita moja. Barabara kuu zimejengwa ili mizigo isafiri, na tuta lisilo na alama wala rangi linaua mwendesha pikipiki usiku. Hapo kosa ni la wakala, na wakati mwingine ni la wananchi wenyewe wanaofunga barabara kwa mawe baada ya msiba na kumwaga kifusi katikati ya lami. Nawaelewa, ila kifusi hicho kesho kitamwangusha mtoto wa mtu mwingine aliyepakiwa kwenye pikipiki.

Hata hivyo, ninachokisikia kwa wapinzani wengi ni hoja ya kuchelewa, na hoja hiyo ni nyepesi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Azimio la Stockholm la Februari 2020, la mkutano wa kimataifa wa usalama barabarani, linataka 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Kibao peke yake hakimpunguzi mwendo dereva wa Coaster anayewahi abiria, tuta linampunguza. Morogoro Road kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane. Kumwambia mtoto wa miaka saba avuke njia nane kwa kutegemea huruma ya madereva ni kumwonea.

Sasa basi la wanafunzi, ambalo ndilo gumu zaidi. Wazazi wana haki ya kuchukia wanachokiona vituoni. Konda anainua vidole viwili: madenti, yaani wanafunzi, wawili tu. Waliobaki wanasubiri gari la tatu, la nne, na wakipanda wanasimama mlangoni hata kama viti vipo. Tunamwita konda katili, lakini tazama mkataba wake. Yeye na dereva wanampelekea mwenye gari hesabu ya siku, na kinachozidi ndicho chao. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2023, mtu mzima analipa shilingi 600 kwa safari fupi za mjini na mwanafunzi 200. Kila denti anayekaa kwenye kiti saa ya asubuhi anampunguzia konda shilingi 400. Serikali ilitoa punguzo, ikamwachia konda alilipe.

Je, halmashauri kununua basi kutaliondoa tatizo hilo? Basi moja litabeba watoto wachache wa njia moja. Litahitaji dereva, mafuta, matairi na gereji, na atakayeamua lipite mtaa gani ni mwanasiasa. Wazazi hawawezi kulazimishwa kulichangia, kwani michango ya lazima ilikatazwa Januari 2018. Nisingeshangaa kuliona limeegeshwa juu ya matofali baada ya miaka michache.

Njia nyingine ni halmashauri kulipa lile pengo la nauli. Shilingi 400, mara mbili kwa siku, kwa siku 194 za masomo: ni 155,200 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Wanafunzi elfu moja ni shilingi milioni 155.2. Kwa halmashauri tajiri kama ya Jiji la Dar es Salaam fedha hizo zinapatikana. Kwa nyingine ni nyingi. Zinahitaji kadi au tiketi zinazohesabika, la sivyo zitaibwa. Ila zinamgeuza denti kuwa abiria kamili machoni pa konda, jambo ambalo matamko ya miaka yote hayajaweza.

Mpango huo hauwafikii wote. Mitaa ya ndani ya Chanika au Msongola, daladala inaishia njia kuu, na aliye mbali na shule anatembea au anapandishwa mshikaki, watatu nyuma ya bodaboda mmoja. Huko ombi la basi lina maana zaidi kuliko mjini. Lakini barua ya huko ningeiandika tofauti: ianze na kiwanja cha sekondari karibu na makazi, kitu ambacho halmashauri haiwezi kukisingizia TARURA, na basi liombwe la muda, hadi madarasa yatakapopauliwa.