Vinyoya kwa wenye ulemavu: tuunganishe madaraja au tusubiri?

Kila yanapozungumzwa mashindano ya vinyoya (badminton) kwa watu wenye ulemavu hapa Dodoma, mjadala hugota palepale: wachezaji ni wachache, kwa hiyo waunganishwe. Kanuni za dunia zina madaraja 6, yaani makundi ya wachezaji kwa aina na uzito wa ulemavu. WH1 na WH2 ni wa viti mwendo. SL3 na SL4 wana ulemavu wa miguu, wa SL3 ukiwa mzito zaidi, lakini hucheza wamesimama. SU5 ni wa mkono. SH6 ni wenye kimo kifupi. Ukitenga wanaume na wanawake unapata makundi 12, na utaishia kumvisha medali mtu aliyeshindana na kivuli chake.

Hoja hiyo siibezi. Mtu akitoka Kondoa au Mpwapwa kwa nauli yake, akafika mjini na kuambiwa daraja lake yuko peke yake, mwakani harudi.

Lakini nimewahi kukaa pembeni ya uwanja nikaona mseto huo mazoezini. Kijana mwenye mguu bandia ulioanzia juu ya goti, wa SL3, alikuwa anacheza na mwenzake wa SU5 ambaye mkono wake wa kushoto uliishia chini ya kiwiko. Huyu wa pili wala hakutumia nguvu. Alidondosha kinyoya karibu na neti, mwenzake akakifuata akakirudisha kwa shida, na kabla hajageuka kingine kikawa kimetua kona ya nyuma. Pointi nne mfululizo, mtindo uleule. Yule kijana ana mkono mwepesi kweli, ila siku ile nani angejua?

Halafu kuna suala la mistari. SL3 akicheza mmoja mmoja hutumia nusu ya upana wa uwanja. SU5 hutumia wote. Ukiwakutanisha, mnacheza kwenye uwanja wa nani?

Kwa maoni yangu mseto ubaki kwenye mchezo wa wawili wawili, ambako kanuni yake ipo tayari. Kwa SL3 hadi SU5, jumla ya namba za madaraja ya wachezaji wawili haizidi 8. Kanuni hiyo nayo ina tundu. Mchezo huu ulipoingia Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021, fainali ya jozi za mwanamume na mwanamke ilikuwa ya Hary Susanto na Leani Ratri Oktila wa Indonesia dhidi ya Lucas Mazur na Faustine Noël wa Ufaransa. Wote wanne SL4. Nne na nne ni nane, hesabu imetimia, na SL3 hayupo. Kwenye viti mwendo jumla haizidi 3, kwa hiyo lazima kila jozi iwe na WH1. Sisi tuazime sharti hilo: kila jozi ya waliosimama iwe na SL3 mmoja. Mmoja mmoja wacheze kirafiki, bila medali, mpaka watimie. (Na iwe ukumbini, jamani. Kinyoya kina gramu kama 5 tu, na upepo wa Dodoma wa Julai haujali daraja la mtu.)

Yule kijana wa mguu bandia akae mbele, karibu na neti, mkono wake ufanye kazi. Aliyemfunga pointi nne ashike nyuma, akimbie.