Mvinyo F na Harufu ya Ngozi Kuukuu

Mnunuzi wa mvinyo wa bei nafuu huonja kwa macho. Kabla kizibo hakijatoka amekwisha kuiona picha ya kasri kwenye lebo, kasri ambalo pengine halijajengwa popote. Amekwisha kuipima chupa mkononi na kuridhika na uzito wake, ambao ni uzito wa kioo tu. Na moyoni amekwisha kuamua kama kinywaji hicho ni cha kumkaribishia mgeni au cha kumwagia nyama jikoni. Ndiyo maana ndugu zangu waliponikabidhi jukumu la kuwatafutia mvinyo mwekundu wa kunywewa siku za kawaida, zile ambazo hakuna harusi wala sikukuu, nilikataa katakata kuonja chupa zilizo uchi, nikaagiza zote zivikwe soksi.

Naomba msomaji asicheke mapema. Soksi ndefu ni kifaa halali cha kazi hii, kwa sababu mfuko wa karatasi huchanika unapolowa, ilhali soksi huishika chupa kuanzia kitakoni hadi shingoni na haimtelezi mtu mkononi. Nilihakikisha pia kwamba chupa zote ni za umbo moja, kwa kuwa mjuvi akishagusa mabega yaliyonyanyuka ya chupa ya Bordeaux, au yaliyoteremka ya chupa ya Burgundy, yote mawili yakiwa majimbo ya mvinyo ya Ufaransa, amekwisha kupata nusu ya jibu. Kazi ya kuleta soksi nilimpa shemeji yangu, mume wa dada, aliyeapa kwamba zote amezitoa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kauli hiyo, kama itakavyoonekana, ilikuwa ya kweli kabisa.

Desturi yenyewe ya kuficha lebo ina heshima yake. Tarehe 24 Mei 1976, jijini Paris, Mwingereza mmoja mfanyabiashara wa mvinyo, Steven Spurrier, aliwaketisha waamuzi wa Kifaransa, akawamiminia mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha chupa, na waamuzi hao wakaupa nafasi ya kwanza mvinyo mweupe wa Chateau Montelena na mwekundu wa Stag's Leap Wine Cellars, wote wa California. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Odette Kahn, alipotambua alichokitia saini alidai arudishiwe karatasi yake ya alama. Kisa hicho hukisimulia kila ninapopata wa kunisikiliza, na jioni ile nilikisimulia tena, mbele ya mtu ambaye kabla ya usiku wa manane kingemhusu.

Niliongeza mtego mmoja ambao hata shemeji sikumwambia. Mwaka 2008, Robert Hodgson, mtengenezaji mvinyo wa California aliyekuwa pia mtu wa takwimu, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo waamuzi wa mashindano walimiminiwa mvinyo uleule, wa chupa ileile, mara tatu bila kujua. Ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyetoa alama zinazokaribiana. Nami nikanunua mvinyo wa boksi, nikaumimina katika chupa mbili tupu nilizozisuuza na kuzikausha, nikazitia herufi B na F. Nililichagua boksi kwa makusudi, maana ni kinywaji kinachodharauliwa bila kusikilizwa. Wazo hilo lilitoka Australia mwaka 1965 kwa Thomas Angove, na kwa mnywaji wa kila siku ni wazo la busara: mfuko wa ndani hujikunja kadiri mvinyo unavyopungua, hewa haipati nafasi ya kuingia, na kinywaji hubaki kizima kwa wiki kadhaa, wakati chupa iliyofunguliwa huanza kuchacha baada ya siku chache.

Waamuzi walikuwa wanne. Mbali na shemeji, alikuwapo jirani yetu, mtu mpole anayekubaliana na aliyesema mwisho. Alikuwapo shangazi yangu, ambaye hunywa glasi moja jioni na ambaye msamiati wake wote wa fani hii ni maneno mawili, "unanyweka" na "haunyweki". Na alikuwapo rafiki yetu tunayemwita Mwalimu, si kwa kuwa anafundisha mahali popote, bali kwa kuwa aliwahi kuhudhuria kozi fupi ya kuonja mvinyo na hajapumzika kuwafundisha wengine tangu aliporudi. Alileta glasi yake mwenyewe, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Aliagiza pia kwamba chupa zikae kwenye friji kwa muda mfupi, na hapo alikuwa na haki, kwa sababu mvinyo mwekundu wa bei nafuu unaoachwa kwenye joto la chumba hutoa kwanza mvuke wa pombe, na matunda hayaonekani tena. Alama zilikuwa za mfumo ulioenezwa na Mmarekani Robert Parker, mhakiki wa mvinyo, ambao huhesabiwa hadi 100 lakini huanzia 50, rehema ambayo mimi sikuwahi kuionja shuleni.

Chupa za mwanzo hazikutuchelewesha. A ulikuwa na sukari iliyowekwa kuficha kila kitu kingine. B, yaani boksi langu, ulikuwa mwepesi, wenye tanini kidogo, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi, na uchachu wa kuburudisha. Shangazi akasema unanyweka, na Mwalimu akaupa 71 akisema ni "mvinyo mwaminifu usio na la kusema". C ulinuka kartoni iliyolowa, na kila mtu alikunja uso isipokuwa jirani, aliyesubiri. Hiyo ni kasoro ya kizibo, si ya zabibu, na chupa ya pili ya mvinyo huohuo ingeweza kuwa salama. Ndiyo sababu mimi, nikinunua cha bei nafuu, huchagua kifuniko cha kuzungusha bila aibu yoyote. D uliunguza koo. E sikumbuki, na nadhani hilo lenyewe ni tathmini.

Kisha tukafika kwenye F.

Shemeji alimimina, Mwalimu akazungusha glasi, akaingiza pua yote, akafumba macho. Akakaa hivyo. Alipofumbua macho alituangalia mmoja mmoja kama mtu aliyeletewa habari ya urithi, akasema kwa sauti ya chini, "Hapa sasa tuna mvinyo." Akaandika, huku akitamka anachoandika: ngozi kuukuu, uyoga, majani yaliyooza msituni, jibini iliyoiva, na kwa mbali, tandiko la farasi. Alitueleza kwamba harufu kama za ngozi na tandiko la farasi huletwa na chachu iitwayo Brettanomyces, ambayo ikizidi huharibu mvinyo ukanuka zizi na jasho, lakini ikiwa ya kiasi huongeza utata wa harufu na ladha ambao wengine huulipia fedha nyingi. Maelezo hayo, niseme kwa uadilifu, ni sahihi kabisa kwa mvinyo wenye chachu hiyo.

Shangazi alinusa glasi yake, akairudisha mezani, akaisogeza mbali kwa kidole kimoja.

"Humu amepita mtu," akasema.

"Ndiyo hiyo, Shangazi!" Mwalimu akaitikia kwa furaha. "Ndiyo hulka ya mvinyo!"

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya siri yangu na nilishindwa kuelewa, kwa sababu mvinyo ule nilikuwa nimeutoa kwenye boksi lilelile, kwa bomba lilelile, alasiri ileile. Nilionja. Mdomoni ulikuwa B mtupu, lakini nilipoinusa glasi nilikutana na jambo ambalo halikuwamo kwenye B wala halipaswi kuwamo katika chakula chochote cha binadamu. Mwalimu aliomba aongezewe, na cha ajabu ni kwamba kila alipoongezewa harufu ilizidi nguvu.

"Mnaona?" alisema. "Unafunguka. Mvinyo dhaifu huchoka ukikutana na hewa, huu unafunguka."

Aliupa 93. Jirani, ambaye hadi hapo alikuwa ameandika 60, alifuta akaandika 92, akabakiza moja kwa adabu. Shangazi alichora mstari kwenye nafasi ya alama, akataka mkate mkavu na maji.

G na H walipita bila kusikilizwa, maana Mwalimu alikuwa bado anakizungumzia F. Tulipofika kwenye kuvua soksi nilitangaza mtego wangu, nikaleta boksi lenyewe mezani na kueleza kwamba B na F ni kitu kimoja. Mwalimu hakutetereka. Alisema kwa upole wa mtu anayemwonea huruma mwenzake kwamba nimechanganya chupa. Tofauti ya namna ile haiwezi kuwa mawazo tu, kwa kuwa pua nne zimeinusa. Na juu ya hilo la pua sikuwa na jibu, kwa sababu ya tano ilikuwa yangu.

Mlango ulifunguliwa akaingia mpwa wangu, mwana wa shemeji, kijana anayecheza mpira, akiwa amevaa soksi moja.

"Shikamoo Shangazi, shikamooni. Baba, umeiona soksi yangu ya mazoezi? Niliianika."

"Zilizoanikwa si zimefuliwa?" akauliza shemeji.

"Sikuifua, Baba. Ilikuwa imelowa jasho, nikaianika ikauke kwanza."

Tukaigeukia F. Soksi ile ilikuwa ndefu kuliko nyingine zote, na shemeji, kwa bidii yake ya kuficha lebo, alikuwa ameivuta hadi ikapita mdomo wa chupa, kisha akaikunjia ndani. Ukingo wake ulikuwa umelowa na kugeuka zambarau. Kila tone tulilomiminiwa lilikuwa limechujwa humo, na kadiri kitambaa kilivyozidi kulowa ndivyo mvinyo ulivyozidi kufunguka. Kijana aliichomoa chupani, akaipeleka puani, akarudisha kichwa nyuma.

"Mjomba, nani ameimwagia pombe soksi yangu? Sasa itanuka."

Jirani alitoka nje kwa haraka, na tulimsikia huko. Shemeji alijitetea kwamba yeye aliombwa soksi, hakuombwa soksi safi, hoja ambayo naikataa hadi leo. Mwalimu alinyamaza kwa muda, akainywa glasi nzima ya maji, kisha akanyoosha mkono juu ya meza na kuniomba, kwa sauti ya kirafiki kabisa, nimrudishie karatasi yake ya alama. Nilimkumbusha kwamba Odette Kahn naye aliomba hivyo, na kwamba inasimuliwa Spurrier alikataa. Nami kama mwandalizi sina mamlaka ya kuvunja kanuni iliyowekwa Paris. Karatasi ilikuwa tayari mikononi mwa shangazi, ambaye alikuwa ameinua miwani na anasoma kwa sauti, "tandiko la farasi," huku amejimiminia B moja kwa moja kutoka kwenye boksi.

Mwalimu alifunga glasi yake kwenye kitambaa, akaaga. Alipofika mlangoni aligeuka, kwa kuwa ni mtu asiyeweza kuondoka bila kumalizia somo.

"Semeni mtakavyosema," akatuambia, "lakini urefu wa mvinyo ule, yaani ladha kukaa mdomoni baada ya kumeza, ulikuwa wa kweli."

"Ni kweli, mwanangu," shangazi akamjibu bila kuinua macho kwenye karatasi. "Unafika magotini."