Shida ya baa za Sinza ni besi, si saa ya kufunga

Nimesoma makala inayotaka baa za Sinza, Dar es Salaam, zifungwe saa sita usiku ili majirani walale. Sikubaliani. Viwanja vile vilipimwa miaka ya 1970 kwa ajili ya makazi, vimebanana, na mara nyingi kati ya kaunta na chumba cha mtoto kuna ukuta mmoja tu wa tofali. Ukuta huo unazuia sauti nyembamba, besi, yaani sauti nzito, inapita. Ndiyo maana jirani hasikii maneno ya wimbo ila vioo vya dirisha vinatetemeka, hata saa tatu usiku.

Wenye baa, toeni sabufa (spika ya besi) kwenye kona, kona inaikuza besi. Iwekeni juu ya mpira mzito isigusane na sakafu. Badala ya spika mbili kubwa zinazotazama barabarani, tundikeni ndogo sita juu ya meza, zielekee chini. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo spika iliyo karibu na mteja haihitaji nguvu. Na tafadhali, kikomo cha sauti kiwekewe alama ya utepe kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) mapema jioni: masikio yakichoka, DJ huona muziki umepungua na kuupandisha kidogo kidogo mpaka usiku wa manane.