Mnamlaumu Caleb, taimauti ilikuwa mfukoni mwa nani?

Mechi ya mpira wa Marekani ilikuwa imeshaisha. Chicago Bears wamefungwa 23 kwa 20 na Detroit Lions, wachezaji wanapeana mikono, na shemeji yangu bado amesimama katikati ya sebule, mikono kichwani, anafoka: "Mtoeni huyo mtoto! Mtoeni!" Mke wangu akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Kaka, si imeisha? Wamtoe wampeleke wapi?"

Hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2024, Sikukuu ya Shukrani. Siku hiyo Detroit hucheza nyumbani kwao, desturi waliyoianza mwaka 1934, na mgeni wao wa kwanza alikuwa huyuhuyu Bears. Sisi Waswahili tunaoishi Chicago tumeipokea sikukuu kwa namna yetu. Bata mzinga yupo kwa ajili ya watoto, pilau ipo kwa ajili yetu, na mpira upo kwa ajili ya kugombana.

Mtoto mwenyewe ni Caleb Williams, kwotabeki. Kama umezoea Simba na Yanga, nikueleze kwa ufupi: huyu ndiye anayepewa mpira karibu kila shambulizi linapoanza, na ana sekunde mbili tatu za kuamua aurushe kwa nani, amkabidhi mwenzake au akimbie nao, huku majitu ya kilo 130 yanamjia mbiombio. Bears walimchagua wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wapya wote wa 2024. Ukichaguliwa wa kwanza, watu hawakupi muda wa kujifunza. Wanakudai.

Nataka tuzirudie zile sekunde za mwisho taratibu, maana pale sebuleni hatukuzirudia. Tulipiga kelele tu, na mimi nilikuwemo.

Bears walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 16 kwa 0. Kipindi cha pili Caleb akarusha tachidauni tatu, yaani mabao makubwa ya mchezo huu, mbili kwa Keenan Allen na moja kwa DJ Moore, na kufika mwisho wako nyuma kwa pointi 3 tu, mpira ni wao, wameshaingia upande wa Detroit. Wana taimauti moja, yaani ruhusa ya kusimamisha saa. Hapo Caleb anaangushwa na mpira mkononi, wanarudi hadi mstari wa yadi ya 41. Saa inaonyesha sekunde thelathini na ushei, na haijasimama.

Ukiita taimauti, unapumua, unapanga jaribio moja la kutafuta yadi chache, kisha unamleta mpiga mateke Cairo Santos aupige mpira kati ya milingoti, mnapata pointi 3 za kusawazisha na mnaingia muda wa nyongeza. Haikuitwa. Wachezaji wanainuka, wanatafutana, Caleb anaelekeza kwa mikono nani akae wapi, saa inakula tu. Mpira ulipokuja kuchezwa zilikuwa zimebaki sekunde 6. Akaurusha mrefu kumtafuta Rome Odunze, ukaanguka chini, saa ikasoma sifuri. Ile taimauti wakarudi nayo Chicago kama vocha ambayo haijakwanguliwa.

Sasa niambie, hapo unamtoa Caleb?

Simtetei kipofu. Kwotabeki naye ana ruhusa ya kuita taimauti, na angeweza kuwaharakisha wenzake zaidi ya pale. Lakini yule ni kijana wa miaka 23 anayecheza mechi yake ya 12 katika ligi hii, ametoka kugongwa chini sasa hivi, masikio yanavuma. Pembeni ya uwanja alisimama mtu mzima, kocha mkuu Matt Eberflus, hajagongwa na mtu yeyote, na moja ya kazi zinazomlipa mshahara ni kuitazama saa. Alipoulizwa baada ya mechi, akajibu kwamba kwa maoni yake walichofanya pale kilikuwa sawa. Nilipomsikia nilicheka, halafu nikaona si jambo la kucheka.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 27 kule Washington Bears walikuwa wanaongoza, limebaki jaribio moja la kubahatisha. Mpira unaanza kuchezwa, beki wao Tyrique Stevenson amegeukia jukwaani, anawatania mashabiki. Akashtuka, akakimbia kwenda kwenye msongamano, na mkono wake mwenyewe ndio uliougusa mpira ukamwangukia Noah Brown wa Washington aliyekuwa peke yake nyuma ya wote. Wakafungwa 18 kwa 15. Mwezi uliofuata dhidi ya Green Bay, Santos alipiga mpira wa ushindi katika sekunde ya mwisho, ukazuiwa. 20 kwa 19. Katika mechi zote mbili Caleb alikuwa amekaa pembeni wakati wa pigo la mwisho. Bado Jumatatu kazini swali lilikuwa lilelile: huyu kijana anafaa au hafai?

Nadhani tunamng'ang'ania kwa sababu kazi yake ndiyo pekee tunayoiona. Kamera inamfuata yeye. Wale watano wanene wa mbele, wenye kazi ya kuzuia wenzao wasimfikie, nani anawatazama? Mimi mwenyewe nimeishi huku miaka mingi kabla sijajifunza kuwaangalia. Aliyenifundisha ni jirani yangu mmoja, mzee wa Bukavu, ambaye hata sheria za mchezo wenyewe hazijui vizuri. Siku ile alikuja kula pilau, akakaa kimya nusu nzima ya mechi, kisha akanyoosha kidole kwenye runinga: "Uyu mutoto banamuonea bure. Angalia, ukuta yake iko na matundu."

Ukuta una matundu. Jumamosi nikakaa chini na simu yangu, nikairudia mechi nzima bila kuufuata mpira, nikiwaangalia wale watano tu. Jaribuni siku moja. Ni mechi nyingine kabisa. Unaona mtu anapitwa begani kama mlango usio na komeo, na nusu sekunde baadaye kwotabeki anaambiwa kachelewa kuamua. Msimu ule Caleb aliangushwa mara 68, nyingi kuliko kwotabeki mwingine yeyote katika ligi. Dhidi ya New England peke yake, mara 9. Nakubali, nyingine kati ya hizo ni zake mwenyewe. Ana tabia ya kuukumbatia mpira akisubiri muujiza, tabia aliyotoka nayo chuoni, ambako mara nyingi muujiza ulikuja. Lakini huwezi kuziita zote 68 tabia.

Kisha tazameni mazingira. Baada ya kipigo hicho cha New England walimfukuza Shane Waldron, kocha wa mashambulizi, yule ambaye mtoto alikuwa akijifunza lugha yake tangu kabla ya msimu. Wakampa Thomas Brown kazi hiyo. Kijana anaanza kuzoea sauti mpya masikioni, dhidi ya Minnesota anarusha yadi 340 na kuifikisha mechi muda wa nyongeza, na siku nne baadaye ndiyo ile Detroit.

Mashabiki wa Bears tuna historia ya kusikitisha na kwotabeki, na nadhani imetuharibu akili. Klabu ina zaidi ya miaka 100, lakini rekodi yake ya yadi za kurusha katika msimu mmoja ilikuwa bado ni ya Erik Kramer, 3,838, tangu 1995. Mwaka 2017 walimchagua Mitchell Trubisky akiwa wa pili, wakamwacha Patrick Mahomes aende wa kumi. Ukitaka kumtibua Mchicago yeyote, mtajie jambo hilo kabla hajanywa kahawa. Baada ya Trubisky akaja Justin Fields, na shemeji huyuhuyu aliyekuwa anafoka sebuleni kwangu alimtaka Fields aondoke, Fields alipopelekwa Pittsburgh akasema wamekosea, na kufika Novemba alishaanza kumsifu Tyson Bagent, kwotabeki wa akiba. Anamsifu kwa nini? Kwa sababu yuko benchi. Mtu wa benchi hajawahi kuangushwa hata mara moja.

Nilimwambia hivyo tukiwa tunakula. Hakufurahi. "Shem, wewe mpira huu umeujulia hapa hapa ukubwani," akasema, akajipakulia tena kachumbari. Ni kweli. Na yeye pia.

Ijumaa, kabla vyombo vya sikukuu havijaisha kuoshwa, habari ikatoka: Bears wamemfukuza Eberflus. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameshazungumza na waandishi kama kocha wao, saa chache baadaye hana kazi. Tangu klabu ianzishwe mwaka 1920, kabla yake hakuna kocha mkuu aliyewahi kufukuzwa msimu ukiendelea. Thomas Brown akapandishwa tena, safari hii kocha mkuu wa muda. Mtoto akabaki na mwalimu yuleyule mwenye majukumu mara mbili, na ukuta uleule.

Dakika kumi hazikupita, simu ikalia. Ujumbe wa sauti wa shemeji, ametulia kama hakimu. "Shem, si nilikwambia? Mimi tangu mwanzo nilisema tatizo ni kocha."

Sikumjibu. Ikafika Desemba 8, Bears wako San Francisco. Mpaka mapumziko timu nzima ilikuwa imesogea yadi 4. Si 40. Nne. Ni kama kutoka kwenye kochi langu mpaka mlango wa jikoni. Ubao unasoma 24 kwa 0, na Caleb anainuka kutoka kwenye nyasi kwa mara nyingine, anajipangusa kofia ngumu. Simu yangu ikatetemeka juu ya meza. Ujumbe wa sauti, sekunde tano.

"Shem. Bagent yuko wapi?"